Kitu Kikikimbia Hakiongezeki

Pap Onditi,
14 Januari 2024

Binti yangu Achola,

Pokea salamu za wote wa hapa, wanaotembea na wanaochechemea. Anayechechemea ni mama yako Milka. Goti lake limestaafu bila kumwomba ruhusa, na sasa anatuendesha sote akiwa kitini. Mwanangu Opiyo na mkewe hawajambo. Mtoto wao Becky alilazwa tena kabla ya Krismasi kwa ule ugonjwa wake wa damu, akatoka, na siku hizi anakula. Mahindi yalinyeshewa yakiwa bado shambani, tukavuna tulichovuna. Mimi ni mzima isipokuwa masikio.

Ni kwa ajili ya masikio hayo ninakuandikia kwa kalamu. Nikipigiwa simu lazima iwekwe sauti ya juu, na ikiwekwa, Opiyo anasikia, mkewe anasikia, na wapita njia wanasimama wasikie. Mtu aliyefundisha fizikia maisha yake yote hawezi kuongea na binti yake mbele ya kuku. Ajwang, yule anayesafirisha chakula cha mifugo mpaka Busia, amekubali kupitia kwako Port Victoria akipata mzigo wa upande huo. Hatakuwa na haraka, nasi pia hatuna.

Jambo lenyewe ni hili. Kile kitabu changu cha fizikia kwa Kiswahili kinakaribia kwisha. Nimekufungia sura ya sita peke yake. Inahusu tungamo, yaani kiasi cha kitu chenyewe, si uzito unaosomwa kwenye mizani. Nimeeleza kama nilivyowaeleza kidato cha sita enzi zile kabla hakijafutwa, na kama nilivyokueleza wewe nilipokuchukua kukulea baada ya ndugu yangu, baba yako, kututoka. Kwamba kitu kikikimbia, tungamo yake huongezeka. Kikikimbia sana, huongezeka sana. Kikikaribia mwendo wa nuru huwa kizito kiasi kwamba dunia nzima ikikisukuma haikiongezei kasi ya maana, na ndiyo sababu hakuna kitu kinachoifikia nuru. Wanafunzi walikuwa wakinyamaza nikifika hapo. Sina sentensi nyingine ninayoipenda kama hiyo.

Isome kwa jicho la mwalimu, uweke alama panapostahili. Wewe ndiye uliyerithi ubao wangu, na sina mwingine wa kumwuliza. Msalimu mkwe wetu Mathews, umwambie wale samaki wake wa mwisho walifika wakiwa bado na adabu.

Baba yako mkubwa,
Zadock Ondiek


Port Victoria,
25 Februari 2024

Mpendwa Baba,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Mama na wote wa hapo. Niwie radhi kwa kuchelewa. Ajwang alipeleka barua yako kwanza kule nyumbani, ikakaa huko, ndipo mtu akaileta shuleni. Kwa sasa ninaishi katika nyumba za walimu. Ni rahisi kuwa karibu na darasa, hasa kidato cha nne wanapojiandaa. Ziwa limerudi nyuma kidogo na kutuachia matope, na wasichana wanaingia darasani na viatu mkononi. Nimefurahi kusikia Becky anakula.

Sura yako nimeisoma mara nyingi. Kiswahili chake ni kitamu, na ile mifano ya mitungi ya maji nimeshaiiba nikaitumia darasani. Lakini Baba, sijui niseme vipi na wewe ndiye uliyenishika mkono. Ile sentensi unayoipenda nimeipigia mstari mwekundu.

Wengi wa wanafizikia wa siku hizi wameiacha. Chuoni tulifundishwa kwamba tungamo ni ya kitu chenyewe, ni ileile kikiwa kimelala au kinakimbia, na kila anayekitazama, awe amesimama au anapita, akihesabu vizuri atapata jibu moja. Kinachoongezeka ni nishati yake na nguvu ya mwendo wake. Hivyo viwili ni kweli vinamtegemea anayetazama. Ukimwambia mtoto kwamba kitu kimeongezeka, ataenda nyumbani akiamini kimenenepa kwa ndani, kumbe ndani hakuna kilichotokea. Kitu hakijui hata kwamba kinakimbia. Kwa upande wake kimetulia, na dunia ndiyo inayopita.

Ndani kukitokea jambo, hapo ni tofauti. Sufuria ya chai inayochemka ina tungamo kubwa kidogo, kidogo mno, kuliko sufuria hiyohiyo chai ikipoa, kwa sababu lile joto limo ndani yake na ni mali yake. Lakini ibebe sufuria ukimbie nayo mpaka mji wa Sio Port, hujaiongezea chochote. Mimi naona hiyo ni haki. Kinachochemka ndani kihesabiwe, kukimbizwa kusihesabiwe.

Usinikasirikie. Kichwa kimeniuma juma zima na pengine nimeandika kwa ukali. Mwambie Mama namtafutia dawa ya kuchua goti.

Mwanao,
Benta Achola


Pap Onditi,
10 Machi 2024

Binti yangu Achola,

Sikukasirika. Nilitembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua nilichotumwa, ndipo nikaketi kukujibu, kwa hiyo hii ni barua ya mtu mtulivu. Huku joto ni la kupasua ardhi na ng'ombe wanatutazama kama kwamba sisi ndio tunaoizuia mvua. Becky amerudi shule.

Mama yako aliisikiliza barua yako nikimsomea mpaka mwisho, kisha akauliza kama salamu za Mathews zilianguka njiani. Nikamwambia ilikuwa barua ya fizikia. Sikuulizi, Achola. Mtu mzima ana milango yake.

Sasa tuje kwenye mstari wako mwekundu. Niambie, nitakijuaje kitu ila kwa kukisukuma? Nikisukuma leo kikakubali, kesho kikakataa, nina haki ya kusema kimeongezeka. Hayo mambo ya kitu chenyewe kikiwa peke yake, hakuna anayekigusa wala kukitazama, waachie wahubiri. Hata binadamu ni hivyo. Kwako mimi ni baba, kwa Milka mimi ni mume asiyeweza kutumwa dukani, kwa wale niliowafundisha mimi ni mwalimu, kwa Opiyo mimi ni mzee asiyesikia. Ondoa hao wote, atakayebaki ni nani? Hakuna apimwaye bila mpimaji.

Na hiyo tungamo moja isiyobadilika mnayoitukuza, watu wa zamani waliipa jina lake: tungamo ya utulivu. Ni ya kitu kilichotulia kwao. Nuru haina hata chembe yake, kwa sababu haitulii popote. Inasifiwa kila inakopita na haina kwao. Ndiyo maana nasema kitu kipimwe kutoka nyumbani kwake, na kikiondoka, aliyebaki nyumbani ana haki ya kusema kimebadilika.

Sentensi yangu inabaki. Rangi yako nyekundu nimeifuta kwa kifutio, ila imeacha doa.

Baba yako,
Zadock Ondiek


Port Victoria,
21 Aprili 2024

Mpendwa Baba,

Mvua imetujia kwa hasira na nasikia huko pia mto unapanda. Nawaombea, hasa Mama na goti lake, maana hawezi kukimbia maji. Sisi tumehamisha maabara kutoka jengo la chini. Wasichana walibeba mizani na chupa vichwani, na hawakuvunja hata kimoja.

Salamu za Mathews hazikuanguka njiani. Hazikutumwa. Desemba alimleta nyumbani mke wa pili, Nasipwondi, naye alikuja akiwa na mimba. Unajua sisi hatukujaliwa mtoto, na unajua tumetembea wapi na wapi tukitafuta. Hakunipiga wala kunitukana. Alinunua kitanda kingine tu. Mama yake Mathews aliniita jikoni, akanishika mkono vizuri kabisa, akasema, "Benta, hakuna mtu amekufukuza. Wewe kaa tu." Nilikaa mpaka siku ya kufungua shule, nikachukua vitabu na nguo nikaondoka. Sirudi. Nimechoka, Baba, na sioni aibu kulisema.

Nina ombi. Naomba mahali pa kujenga nyumba hapo nyumbani, ndani ya ua, upande ule ilikokuwa nyumba ya mama yangu. Nitaendelea kufundisha huku. Itakuwa nyumba ya kurudi likizo, ya kurudi moja kwa moja nikistaafu, na ya kutolewa nikifa. Mila naijua, hukunilea kijinga. Binti aliyeolewa akirudi hujengewa nje ya ua, na aliyejengewa nje huzikwa nje. Shangazi Maximilla alilala pale nje, na mahindi ya jirani yalimpanda juu mpaka hatukuona tena alipo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukituambia tusicheze upande ule. Sitaki watoto wa Opiyo waje kuambiwa wasicheze nilipo.

Kuhusu kusukuma, nina neno. Kitu kinachokwenda kasi sana, ukikisukuma kutoka nyuma ili kikaze mwendo, kinakataa kwa kiasi fulani. Ukikisukuma ubavuni ili kipinde njia, kinakataa kwa kiasi kingine, kidogo kuliko kile. Kama kukataa ndiyo tungamo, basi kitu kimoja kina tungamo mbili kwa wakati mmoja, inategemea mkono uliokisukuma uko upande gani. Watu wa zamani waliziandika zote mbili, wakazipa na majina, kabla hawajaona aibu. Ukaidi hauko ndani ya kitu, Baba. Uko katika jinsi umbali na wakati vinavyohesabika kati yake na anayekisukuma.

Huku nasukumwa kama mke mkaidi, na huko naogopa nitasukumwa kama binti aliyeshatoka. Mimi ni mmoja. Nijibu kuhusu nyumba. Fizikia inaweza kungoja.

Mwanao,
Benta


Pap Onditi,
16 Juni 2024

Binti yangu Achola,

Barua yako haikuchelewa, mimi ndiye niliyechelewa. Mto ulivunja kingo, ukaja mpaka kwenye migomba, ukarudi na choo chetu. Sisi wenyewe hatukuguswa. Becky alilazwa tena Kisumu mwezi wa tano, Opiyo akawa analala kwenye benchi huko hospitali mpaka mtoto akapata nafuu. Amekonda kuliko mgonjwa. Mama yako anakushukuru kwa dawa, inanuka vibaya na inafanya kazi.

Zile tungamo mbili zimeninyima raha. Nilitoa mkokoteni, nikaupakia mitungi ya maji, nikamwomba Ajwang auvute barabarani mahali palipo tambarare, nami niusukume mara kwa nyuma, mara ubavuni. Najua, usicheke, mkokoteni hauendi hata karibu na mwendo unaotakiwa. Nilitaka tu mikono yangu ilifikirie jambo hilo pamoja na kichwa. Nilichopata ni mgongo. Lakini nimekaa na hesabu pia, nimezifanya upya kwa penseli, na siwezi kukwepa. Ni mbili. Kitu kimoja hakiwezi kuwa na viasi viwili vya nafsi yake.

Bado sijaifuta sentensi. Mtu akiishi na neno muda mrefu, si rahisi kuliambia litoke. Na nakuuliza hili: kama tungamo haimtegemei mpimaji hata kidogo, mbona sisi tulioipima vibaya miaka yote tulijenga madaraja na hayakuanguka? Pengine kukosea kwetu pia kulikuwa na matumizi yake.

Swali lako lingine limefika na limesomwa. Wazee waliketi. Kawia ufike.

Baba yako,
Zadock Ondiek


Port Victoria,
30 Juni 2024

Baba,

Nafurahi kwamba maji hayakuwadhuru. Mpe Opiyo pole, na umwambie namwombea Becky kila siku.

Umenijibu nusu. Nusu uliyonijibu ni ile niliyosema inaweza kungoja. Madaraja hayakuanguka kwa sababu hakuna daraja linalokimbia, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Niliposoma kwamba wazee waliketi na baada ya hapo hukuandika walichosema, nilikunja barua nikaenda kusahihisha mitihani. Kuna mwalimu mwenzangu anayeuza kiwanja kidogo Kisumu, kule nyuma ya mtaa wa Obunga. Pana kelele na moshi na hapana mtu wa ukoo wangu hata mmoja. Nitamwambia ndiyo au hapana ifikapo likizo ya Agosti. Nikifa huko watanizika kwenye makaburi ya manispaa, na nadhani watu wa manispaa hawaulizi mtu aliolewa wapi.

Ulisema nuru haina kwao. Nilikuwa nalipenda hilo jambo nilipokuwa mdogo, kwamba kuna kitu kisichotulia kabisa. Siku hizi linanihuzunisha. Sina ubishi uliobaki, Baba. Nilichokuwa nacho nimeshakuandikia.

Benta


Pap Onditi,
8 Septemba 2024

Mwanangu Achola,

Mama yako anakusalimu, ametembea mpaka kanisani na kurudi bila fimbo na amelitangaza hilo kama Injili. Becky yuko shule. Mvua ndogo zimeanza mapema. Nilisikia kwa Ajwang kwamba mwezi wa Agosti uliingia na kutoka hukwenda Kisumu kumjibu yule mwenye kiwanja, na nikashukuru kimyakimya. Ajwang habebi barua tu. Ndiye aliyenieleza habari za Nasipwondi tangu Februari, kwa hiyo nilipoandika kwamba sikuulizi, nilikuwa sina haja ya kuuliza. Nilingoja useme mwenyewe. Uliposema, nilikwenda kuwaita wazee.

Sasa nikwambie walichosema wazee. Walikataa. Wakaniruhusu nikupe mahali nje ya ua, upande wa magharibi, na wakaona wamekutendea wema. Nilijaribu kusema, nikanyamazishwa, na aliyeninyamazisha si mzee, ni Opiyo. Alisimama akasema, "Mimi simchukii Benta. Lakini mkivunja mwiko, laana ya chira inakuja kwa watoto, na mwenye mtoto mgonjwa ni mimi. Becky akienda, nani atanijibu?" Daktari ameshamweleza kwamba ugonjwa wa Becky umetoka kwangu na kwa wazazi wa mkewe, umo katika damu tuliyowapa. Anajua. Lakini anayekaa usiku na usiku na mtoto anayelia mifupa inamuuma, hofu haimwishi kwa kuelezwa. Nikasema sawa, iwe nje. Nikarudi ndani nikakuandikia habari za mkokoteni.

Nimechoka, Achola. Ugomvi unanichosha kuliko jembe. Barua yako ya Juni ilinikuta hivyo, na nilipofika pale penye makaburi ya manispaa niliiweka chini, nikakaa. Nilikulea. Nilikufundisha kusoma saa kwenye ukuta huu ninaoutazama. Ulipoolewa nililia nyuma ya ghala mahali ambapo hawakuniona. Na nikawa nimeandika kwa mkono wangu kwamba aliyebaki nyumbani ana haki ya kusema aliyeondoka amebadilika. Hukubadilika. Ndiyo kwanza umeandika kama ulivyokuwa ukiandika ukiwa kidato cha tatu, huna huruma na mtu aliyekosea hesabu.

Basi nilichukua sura ya sita, nikaikata ile sentensi, nikaweka yako: kitu kikikimbia hakiongezeki. Niliisoma kwa sauti, nikasikia ni kweli, na haikuniua.

Baada ya hapo nikalala nikiifikiria mila kama tunavyofikiria kanuni ya fizikia, neno kwa neno. Inasema nyumba ya binti aliyerudi isijengwe ndani ya ua. Nikamwita Opiyo, nikamwambia twende tukachimbie nguzo za nyumba yako pale pale wazee walipoonyesha, nje, ili ukija Desemba usikute nyasi. Alifurahi. Alichimba mashimo mwenyewe, akachagua nguzo nzuri, akaezeka kwa mabati mapya. Anakupenda yule, isipokuwa anaogopa. Wazee walipita, wakaona nyumba iko nje, wakaenda zao.

Jumatatu iliyofuata nilichukua panga, nikafungua ua wa upande wa magharibi. Lango sikuligusa, maana lango la boma halichezewi. Ule ua wa zamani nilioupanda na baba yako tukiwa vijana niliukata, nikapata vijiti vya ojuok vya kutosha, vinatoa ule utomvu mweupe unaochoma macho. Nikavipanda upya, kimoja kimoja, nikianzia kwenye kona ya ghala, nikapita nyuma ya nyumba yako, nikarudi mpaka kwenye migomba. Ilinichukua juma zima kwa sababu ya mgongo. Kaburi la Maximilla pia nilipita nyuma yake, baada ya kufyeka mahindi na kuomba radhi kwa jirani. Nalo limo ndani.

Mzee Sydney ndiye aliyekuja kwa niaba ya wengine. Alisimama akatazama, akanitazama. "Zadock, hii mambo umefanya ni nini? Tulisema huyu msichana akae nje."

Nikamwambia, "Alikaa nje. Nyumba yake haijasonga hata kidogo, pima. Ni ua ndiyo imetoka."

"Na chira?"

"Aliyekata ua ni mimi. Kama iko, inajua jina yangu. Isiulize mtoto wa mtu."

Aliomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda. Sijui watasema nini wakikutana. Mimi ndiye mwenye boma hili, na mwenye boma likimbana huruhusiwa kulipanua. Hilo nalo ni mila, ingawa hawakulifikiria.

Kwa hiyo umenishinda kuhusu tungamo, na nimekubali bila kinyongo. Lakini niachie kidogo changu. Yapo mambo yanayobadilika kulingana na aliposimama mtazamaji. Wewe huna haja ya kusogea. Sisi ndio tuliokuwa tumesimama pabaya.

Opiyo hajasema nami tangu siku nilipokata ua. Alikuwa akipita kama kwamba mimi ni nguzo ya simu. Jana jioni nilimwona ameenda peke yake kwenye ua mpya, akainama, akang'oa kijiti. Nikajua basi, ameanza kuung'oa, na sina nguvu ya kupanda mara ya pili. Nikabaki nimekaa nikimtazama. Alikigeuza mkononi, akakitazama, akakirudisha shimoni. Mimi nilikuwa nimekipanda kikiwa kimepinda. Akakinyoosha, akakikanyagia udongo kwa kisigino, akaenda kwenye kinachofuata.

Njoo Desemba. Mama yako ananiuliza mlango wa nyumba yako uelekee wapi, nami nimemwambia tumngoje mwenye nyumba.

Ni mimi baba yako, niliye hapa,
Zadock Ondiek